Pumzi, Picha na Sauti: Programu za Uhalisia Pepe za Kutuliza Nafsi Zikipimwa kwa Msikilizaji wa Chapwa

Programu za uhalisia pepe zilizotungwa kwa ajili ya kumtuliza mtu zimekuwako kwa miaka kadha sasa, na waganga, wahandisi na wafanya biashara wamekwisha kuziandikia mengi. Mganga huuliza kama maumivu yamepungua. Mhandisi huuliza kama picha haikatiki. Mfanya biashara ana maswali yake. Lakini liko swali ambalo ni la watu wa lugha, nalo ni hili: kazi hizi zikichukuliwa kuwa ni utungo kama utungo mwingine wowote, wenye msemaji na msikilizaji, mahali na wakati, zasema nini, na zamwambia nani? Maana mtu aliyevaa miwani hiyo hatazami tu. Aghalabu yuko mwenziwe asiyeonekana, mwenye sauti laini, anayemwambia avute pumzi na alegeze mabega. Picha imesifiwa mno, na sauti imepitwa kimya. Na kwa Kiswahili huenda sauti ndiyo kazi yenyewe.

Yafaa kwanza chombo kielezwe. Miwani hii huziba macho kabisa. Kila jicho hupewa picha yake, zikatofautiana kidogo kama yanavyotofautiana macho mawili ya kawaida. Na kichwa kikigeuka, picha nayo hugeuka papo hapo, hata akili ikakubali kwamba mbele yake pana msitu au ufuo wala si kioo. Fikra hii si changa. Mwaka 1962 Mmarekani Morton Heilig alipewa hataza ya mashine aliyoiita Sensorama, ambamo mtazamaji aliketi, akatia uso ndani, akaona safari ya pikipiki katika mitaa ya Brooklyn huku akipulizwa upepo na kunusishwa harufu. Mwaka 1968 Ivan Sutherland alionyesha chombo cha kuvaliwa kichwani. Jaron Lanier alilieneza jina la Kiingereza la sanaa hii katika miaka ya 1980. Mwaka 2014 kampuni ya Google ilitoa kifaa cha kadibodi cha kutiwa simu ndani yake, nacho kilikaribia mfuko wa mtu wa kawaida kuliko vyote vilivyotangulia. Walakini mwaka 2021 kampuni hiyo iliacha kukiuza.

Miongoni mwa kazi zenyewe, iliyo ya maana kwa historia ni SnowWorld, iliyotokana na kazi iliyoanza mwaka 1996 katika Chuo Kikuu cha Washington huko Seattle kwa juhudi za Hunter Hoffman na David Patterson. Ilitungwa kwa ajili ya watu walioungua moto, ambao kusafishwa vidonda huwa ni mateso makubwa kwao. Mgonjwa husafiri katika bonde la barafu akitupa mipira ya theluji, na muda ule akili yake huwa haina nafasi ya kutosha ya kushughulika na maumivu. Baadaye zilikuja nyingine zisizokuwa za hospitali: Nature Treks VR, imtembezayo mtu katika misitu, bahari na mbuga, TRIPP, yenye rangi na maumbo yasiyokuwa ya mahali popote, na DEEP, kazi ya Owen Harris na Niki Smit, ambayo itatajwa tena mwishoni, kwa kuwa ina jambo ambalo nyingine hazina.

Mambo wanayoyasimulia waliozitumia ni ya namna mbili. Wako wasemao kwamba walijisahau, wakaona wamo katika msitu kweli, na moyo ukatua. Wako wengine walioshikwa na kichefuchefu, kwa sababu jicho limeambiwa kwamba mwili unakwenda hali sikio la ndani lashuhudia kwamba mwili umekaa; au wakalalamikia uzito wa chombo usoni na jasho chini yake. Mel Slater, mmoja wa wataalamu wa somo hili, aliandika mwaka 2009 kwamba yafaa kutenga mambo mawili katika hali hii: kuona kwamba upo mahali pale, na kuona kwamba yanayotukia pale yanasadikika. Utengaji huo ni wa manufaa. Lakini Kiswahili kinaweza kuupeleka mbele zaidi, kwa kuwa katika jambo la mahali sarufi yake ina macho makali kuliko ya Kiingereza alichokiandikia.

Mwingereza akivua miwani atasema tu kwamba alikuwa pale. Mswahili hana budi kuchagua: nilikuwapo, nilikuwako, nilikuwamo. Chaguo hilo silo la pambo. Aliyevaa miwani yumo katika picha, imemzunguka pande zote kama maji yanavyomzunguka samaki. Lakini kiti alichokalia kipo pale pale, na mwili wake upo juu yake. Kwa hiyo hali yote ya uhalisia pepe yaweza kuelezwa kwa viambishi viwili: ni kuwamo pasipo kuwapo. Swali la mhakiki hapo lafuata lenyewe. Mtu akiwamo humo, nani anashika nafasi yake hapo alipopaacha?

Swali hilo ni la dhahiri zaidi katika mahali fulani kuliko pengine, na kwa ajili hiyo Chapwa imechukuliwa hapa kuwa mizani. Chapwa ni kata ya mji wa Tunduma, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Kwa Tunduma ndiko malori yatokayo Dar es Salaam yanakofikia mpaka wa Zambia, baada ya safari ipitayo kilomita 900, mengi yao yakiwa na safari nyingine mbele hata Kongo. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilifunguliwa mwaka 2019 ili kupunguza kungoja. Hata hivyo safu za malori hazikukoma, na mwezi wa Mei 2020, wakati wa maradhi ya korona, Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde kwa muda, madereva wakabaki barabarani. Chapwa haitajwi kwa kuwa ni soko la miwani hiyo. Imetajwa kwa kuwa haja ya kutulia ni ya kweli hapo, tena ni ya mtu mwenye umri, kazi na wasiwasi unaojulikana, wala si ya yule mteja asiye na uso ambaye watungaji wengi humwandikia.

Dereva huyo na apewe miwani, kwa mfano tu, naye aingizwe katika mandhari zilizo mashuhuri. Ya kwanza ni mbuga: Nature Treks VR inayo mandhari ya savana, yenye nyasi za jua na wanyama. Kwa mtazamaji wa London hilo ni pumziko. Kwa dereva aliyekata Mikumi usiku, ambako barabara kuu hupita katikati ya hifadhi kwa kilomita kama 50, twiga kando ya njia ni breki, ni faini, na pengine ni kifo. Ya pili ni bahari. Hapa ni dhahiri kwamba picha imechukuliwa kwa macho ya mgeni wa hoteli, maana katika ushairi wa pwani, tangu Muyaka bin Haji wa Mombasa na kabla yake, bahari si mahali pa kulala chali. Ni njia na kazi na hatari, na chombo kikitajwa humo, mara nyingi kuna habari ya dhoruba au ya vita. Ya tatu ni theluji, ambayo imemfaa sana aliyeungua. Lakini nyanda hizi za mpakani zina baridi yake, na mtu aliyejikunyata katika kabini ya lori usiku wa Julai hahitaji kuongezewa.

Jambo lenye kujifunzwa hapa si kwamba picha hizo ni mbaya. Ni kwamba picha haitulizi kwa uzuri wake. Hutuliza kwa kuwa kinyume cha adha ya mwenyewe. SnowWorld imefaulu kwa kuwa mtungaji aliijua adha, akaipinga kwa kitu kimoja: moto kwa theluji. Kiswahili chaijua siri hiyo tangu zamani, maana kuburudika, neno lililotoka Uarabuni, ni kupoa, na pole huambiwa mtu mwenye joto la msiba. Adha ya Chapwa si joto, ni kungoja. Kinyume cha kungoja ni kwenda. Na huenda mandhari ya kumtuliza dereva kuliko zote ingekuwa lango lililo wazi na barabara tupu mbele yake, jambo ambalo hapana mtungaji wa mandhari aliyelifikiria, nalo halina mnazi hata mmoja.

Ama sauti, hapa ndipo penye kosa kubwa zaidi. Mafunzo ya kutulia katika programu hizi mara nyingi yametungwa kwa Kiingereza, na anayetaka kuyaleta katika Kiswahili atakuta kazi yaonekana nyepesi. Atasema: Fumba macho. Legeza mwili. Vuta pumzi. Hapana kosa la sarufi katika maneno hayo, walakini kila Mswahili anajua ni nani asemaye hivyo: ni mwalimu wa mazoezi, ni mganga mwenye sindano mkononi, ni askari. Kiingereza kimezoea kuamrisha kwa sauti laini, na ulaini wa sauti hutosha kuufuta ukali wa kitenzi. Katika Kiswahili adabu haikai katika koo peke yake, imo katika umbo la neno. Ufumbe macho, si fumba. Hebu uyalegeze mabega. Na bora kuliko yote, kuacha amri kabisa na kusimulia, kwa kuwa lugha ina -ki- na ina hu- zilizozoea kazi hiyo: pumzi ikitoka, mabega hushuka. Hapo mwili huelezwa kama mhusika wa hadithi, na mwenye mwili huufuata kwa hiari yake.

Msamiati nao una mitego. Watungaji hao hupenda kumwita mtu akae katika wakati uliopo. Mfasiri akisema sasa hivi, amemtia haraka, maana katika vinywa vya watu sasa hivi ni neno la mtu anayehimizwa. Akimtaka mtu ajiachie, amemkaribisha ngomani. Akimwambia aende mahali pake palipo salama, msikilizaji wa safu ya malori atauliza, na ni haki yake, kama sasa yupo pasipo salama. Tena msikilizaji huyo aweza kuwa mzee wa Tanga, au Mbemba aliyejifunza Kiswahili kazini, au Mkongo wa Lubumbashi mwenye Kiswahili cha kwao. Na majirani wa Chapwa wenyewe wana Kinyamwanga chao nyumbani. Sauti moja ya kijana asiyetoa salamu, imwambiayo mzee wa miaka 60 alegeze taya, haitamtuliza. Itamuudhi, au itamchekesha. Na kicheko hapo kingefaa kuliko mafunzo yenyewe.

Kwa nini salamu? Kwa sababu katika desturi ya Kiswahili sauti ituliayo na kutuliza ni sauti inayongoja jibu. Msimulizi husema Paukwa, wala haendelei mpaka aitikiwe Pakawa. Mwenye kupewa pole hujibu kwamba amekwisha poa, hata kama hajapoa, na kule kujibu ni nusu ya dawa. Shikamoo isiyopata marahaba hubaki inaning'inia hewani. Mtu aweza kupinga kwamba nyimbo za kubembeleza watoto hazingoji jibu. Ni kweli; lakini mlezi huwa anatazama kope za mtoto, na wimbo hukoma zikifungika. Programu haitazami kope, wala haiitikiwi. Yasema dakika zake kumi na kunyamaza, aliyelala na aliye macho wakipata sawa. Kasoro hiyo si ya mashine, ni ya utungo, na mtungaji mwenye sikio angeweza kuitengeneza: angeweza kuacha kimya penye kujibiwa, na kuandika sentensi zinazokijali kimya hicho.

Sasa lirejewe lile swali la nafasi iliyoachwa. Kila programu ya namna hii imetungwa kwa ajili ya mtu aliyefunga mlango. Sharti hilo halitajwi popote, na kwa kuwa halitajwi limekuwa kama maumbile. Lakini katika safu ya malori, aliyeziba macho na masikio hajapumzika, amejiweka hatarini: mafuta huweza kunyonywa, turubai kuchanwa, lori la mbele likasogea na la nyuma likapiga honi mwenyewe asisikie, naye akapoteza nafasi aliyoingojea siku mbili. Madereva wanajua dawa yake, na dawa hiyo ni ya watu wawili: dereva hulala, utingo hukesha, kisha hubadilishana. Wanaocheza drafti kwa vizibo vya soda kando ya barabara wanatulia pia, tena jicho moja li kwenye ubao na moja li kwenye safu. Basi utulivu wao hujengwa juu ya mtu mwingine apoye pale. Miwani humnyima mtu huyo mwingine, ikampa msitu badala yake. Ubadilishaji huo ni wa hasara, na sifa zote za ukali wa picha hazijaugusa.

Kwa mintarafu ya jina lenyewe, uhalisia pepe limekwisha enea, na wako wasioliridhia. Halisi ni kisichochanganywa na kitu. Uhalisia nao umekuwa kwa miaka mingi istilahi ya wahakiki wa fasihi kwa utungo unaofuata maisha yalivyo. Pepe limeazimwa kwa barua pepe, na wengi hulisikia kuwa ni la upepo. Lakini mkulima wa mpunga analo pepe lake la zamani: ni punje tupu, ganda lisilo na kiini, lile lirukalo watu wakipepeta. Upande wa pili wa ukoo huo, kama sauti zake zinavyoelekea kuonyesha, wamo pepo, upepo na Peponi. Yasemekana lingefaa neno jingine. Kiinimacho? Hilo lamtaka mlaghai asimame nyuma ya pazia. Mazigazi ni ahadi ya maji kwa mwenye kiu, nayo ni matusi kwa mgonjwa aliyepata nafuu kweli. Njozi huja bila kuitwa na haina bei. Uhalisia pepe libaki: ni neno kweli kuliko walivyodhani walioliunda, kwa kuwa limebeba pepo na punje tupu kwa pamoja, na mtumiaji ataamua mwenyewe kila mara ni kipi alichopewa.

Tena lugha ilikuwa imekwisha fika huko kabla ya mashine. Mwaka 1951 Shaaban Robert alitoa Kusadikika, habari ya nchi iliyo angani, na jina lake limeundwa kwa kauli ya kutendeka, ile kauli imfichayo mtenda: nchi yasadikika, wala haisemwi ni nani asadikiye. Slater alipotafuta neno la sifa yake ya pili alitafuta kitu hicho hicho. Lakini tofauti ya kazi hizo mbili ni kubwa. Katika kitabu, wajumbe hutumwa pande mbalimbali za dunia, na uzito wote wa hadithi u katika marejeo yao: wanarudi na habari, wanataka nchi yao ibadilike, wanafungwa gerezani kwa ajili yake. Safari ina maana kwa kuwa ina marejeo. Msafiri wa programu za kutuliza hutumwa mbali kuliko Buruhani na Fadhili, akarudi bila ujumbe, akakuta safu haikusogea. Si haki kudai kila pumziko lilete habari. Mtu aliyechoka ana haki ya kulala tu. Walakini kazi inayojiita safari, iliyo na mandhari na kiongozi na mwanzo na mwisho, imejitia yenyewe katika mizani ya hadithi, na katika mizani hiyo nyingi ni nyepesi.

DEEP ndiyo iliyokaribia zaidi kuwa na uzito. Ndani yake mtu hufungwa mkanda tumboni unaozipima pumzi zake, naye huelea chini ya bahari kwa nguvu ya pumzi hizo: akizivuta kwa kina hupanda na kwenda, akihema kwa pupa hafiki. Hapana amri nyingi, kwa kuwa mwili wenyewe ndio usukani. Mswahili hahitaji kufundishwa kwa nini jambo hilo ni sahihi, maana kupumzika hakukutoka katika kulala wala katika kukaa, kumetoka katika pumzi, nako ni kurudiwa na pumzi baada ya kuzikosa. Pia kazi hiyo yajibu, ingawa haisemi: pumzi ikitolewa, kitu hutukia, kama Pakawa inavyoifuata Paukwa. Mtungaji wa Kiswahili atakayeanza hapo anaweza kuiacha miwani kabisa kwa sasa, akachukua redio ya lori au simu iliyomo kabini, akatunga sauti yenye salamu mwanzoni, yenye kimya kinachongoja, isiyozidi mwendo wa pumzi za mtu mzima aliyechoka, na ya chini kiasi kwamba honi ya nyuma itasikika juu yake.